Bila Mjomba Siingii

Hosteli ya Chuo Kikuu,
9 Februari

Mdogo wangu,

Wewe na cherehani yako hamjambo? Mimi nimefika salama, ila mgongo bado unanilalamikia kwa safari ile. Nimepewa chumba chenye vitanda viwili na dirisha linaloangalia jiko la wanafunzi, kwa hiyo tunajua saa kwa harufu ya vitunguu. Ninayelala naye ni fundi wa meno kutoka zahanati ya mbali, mcheshi sana. Hosteli nzima ni watu wa namna yetu: wakunga, wauguzi, watu wa maabara, kila mmoja na kozi yake fupi, kila mmoja anajifanya hakusahau namna ya kukaa darasani.

Kozi yangu ni ya kumlinda mgonjwa aliye usingizini. Ndiyo, najua utacheka. Miaka yote hii nawalaza watu kwenye chumba cha upasuaji, leo nafundishwa kulaza. Lakini baraza la wauguzi limekaza: bila alama za mafunzo, leseni haihuishwi. Darasani mimi ndiye mzee kuliko wote, hata mhadhiri wetu ni mdogo kwangu. Vijana wamekwisha kunipa jina: Babu Kozi.

Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Mtandao humu unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Dereva wa hospitali yetu anakuja mjini kila wiki kuchukua dawa, nimekubaliana naye atubebee barua. Tuandikiane kama nilipokuwa chuo cha uuguzi nawe uko darasa la nne, unaniandikia kuomba peremende.

Mpwa wangu anaendeleaje na tumbo lake? Mwambie asinyanyue ndoo. Na wifi yako mpitie, usimwache peke yake.

Kaka yako

*

Nyumbani,
20 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Barua yako dereva aliileta imekunjwa mara nne na ina harufu ya dizeli, lakini nimeisoma yote. Huku hatujambo. Sare za shule zimenielemea, nashona mpaka vidole vinakataa. Wifi nilimpitia Jumapili. Anasema nyumba imekuwa kimya mno bila wewe, maana ukiwepo redio yenu inasikika hadi kwa jirani wa tatu. Akacheka, halafu akaenda kutazama sufuria ambayo haikuwa na kitu. Mmegombana?

Kaka, nimekupigia simu mara nyingi. Inaita, hushiki. Siku moja ulishika, ukasema "haloo, haloo, haloo", ukakata. Mimi nilikuwa nakujibu.

Mpwa wako hajambo. Miguu imejaa kidogo, ni hili joto. Kliniki wamesema ni upasuaji tena kwa sababu ya kovu la mtoto wa kwanza, na wamempangia mwezi wa tano mwanzoni, wewe utakuwa umerudi. Daktari alipomwambia, jibu lake lilikuwa moja tu: "Bila mjomba siingii." Daktari akadhani anatania. Hatanii. Unakumbuka alivyokuwa anatetemeka mara ya kwanza, meno yanagongana, nawe umekaa kichwani pake unamhadithia habari za yule mbuzi wa babu aliyekula kofia ya mwalimu. Mpaka leo akisimulia uzazi wake anaanza na mbuzi.

Hospitalini wamemleta binti mmoja wa usingizi kushika nafasi yako. Mwembamba, mnyamavu, anatembea kama anaogopa kuchafua sakafu. Watu wanasema kozi hiyo uliyopo wewe aliisoma mwaka jana. Sawa, asome. Sisi tunakusubiri wewe.

Mdogo wako

*

Hosteli,
4 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijagombana na wifi yako. Mwambie nakula vizuri na soksi zake nimezivaa.

Masomo yanakwenda. Asubuhi tunakaa darasani, mchana tunaingia chumba cha mazoezi. Wana mdoli mkubwa kama mtu, anapumua, anakohoa, anabadilika rangi ya midomo. Zoezi la wiki iliyopita lilikwenda lilivyokwenda. Tuache hilo.

Nieleze vizuri habari za miguu. Imejaa yote miwili? Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki? Uso je, asubuhi anaamka macho yamevimba? Kliniki walipima presha? Waliandika ngapi? Usiniandikie "hajambo", niandikie namba.

Na kuhusu upasuaji, nimefikiri. Huyo binti mliyeletewa, nimeuliza habari zake kwa mhadhiri wetu. Anamsifu sana, anasema ana mikono mitulivu. Mpwa wangu angefanya vizuri kumzoea. Mimi nikirudi huenda nikapewa kazi nyingine, mambo ya ofisi, hujui. Mtu asijifunge kwa mtu mmoja.

Simu yangu ni mbovu. Usijisumbue kupiga.

Kaka yako

*

Nyumbani,
16 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nikakaa. Mambo gani ya ofisi? Wewe ambaye ulikataa kuwa mkuu wa wauguzi kwa sababu hutaki kukaa na mafaili? Kama umepata kazi hukohuko mjini, sema. Kama umetuchoka, sema pia, tutajua. Lakini usimsukumie mwanangu mtu asiyemjua kama unavyogawa nguo zilizokubana.

Nilifanya kosa nikamsomea. Alilia mpaka mtoto wake naye akaanza kulia bila kujua analilia nini.

Unataka namba. Sina namba. Kadi anakaa nayo mwenyewe na kaificha chini ya godoro, nikimuuliza anasema "ya kawaida tu, mama". Wamemwambia apumzike. Kichwa kinamuuma siku mbili tatu hizi, nimeona ni kelele za cherehani, nimeihamishia barazani. Usianze kujaza kurasa kwa maswali. Rudi umwone kwa macho yako, ndiyo dawa.

Mdogo wako

*

Nyumbani,
3 Aprili

Kaka,

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi ya wazazi, karatasi nimeiweka juu ya mkoba. Salamu zitakuja siku nyingine.

Dereva ameniambia gari liliharibika, barua yangu ilikaa karakana karibu wiki mbili na alikukabidhi juzi mchana. Sasa naelewa kwa nini juzi hiyohiyo simu yangu iliita, namba yako, nikashika nikiwa na hasira zangu zote tayari. Na sauti haikuwa yako.

"Mama, mimi nakaa chumba kimoja na kaka yako. Fundi wa meno. Ana maswali, tafadhali yajibu haraka. Binti kichwa bado kinamuuma?"

Nikasema ndiyo. Nikauliza kaka yuko wapi, amepatwa na nini?

"Yuko hapa pembeni yangu, mzima. Anauliza, macho yake yanaona ukungu? Vinyota?"

Nikamwuliza binti, akasema tangu asubuhi anaona kama inzi wanapita mbele yake. Nikasikia yule fundi anakurudishia maneno yangu kwa sauti kubwa, taratibu, kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya mto. Halafu nikakusikia wewe unapiga kelele: "Mwambie ampeleke sasa hivi! Asisubiri kuvaa! Sasa hivi!"

Tulikuja kwa pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Presha ilikuwa juu sana, mkunga alipoisoma aliipima mara ya pili. Mkojo una protini. Wamemlaza, wamemtundikia dripu, wanamchoma sindano zinazomchoma mwili mzima kama moto. Wanasema tumemwahi. Kadi nimeiona sasa: presha imekuwa ikipanda tangu mwezi wa pili, na mtoto wangu alinyamaza kwa kuogopa kwamba wangemfanyia upasuaji kabla hujarudi.

Jana nilikwenda kwa wifi. Sikumsalimia. Nikamwuliza, "Kaka anasikia?" Akakaa chini, akajifunika uso kwa khanga. Hilo likawa jibu lake.

Sasa nakuuliza wewe, na unijibu kama mtoto wa mama yangu. Ulipokaa kichwani kwa mwanangu mara ya kwanza, ulikuwa unasikia?

*

Hosteli,
6 Aprili

Mdogo wangu,

Ndiyo, masikio yangu yamekwisha. Nimeliandika, na mkono haukukatika.

Nikueleze kazi yetu, maana sikuwahi kukueleza. Kuna kidude tunachombana nacho mgonjwa kidoleni. Kila moyo unapopiga, mashine inatoa mlio mdogo: ti, ti, ti. Hewa ikipungua kwenye damu, mlio unashuka, unakuwa mzito, kama mtu anayeteremka ngazi. Hatuna haja ya kutazama kioo cha mashine. Mikono iko kazini, macho yako kooni kwa mgonjwa, sikio ndilo linalolinda.

Lile zoezi la mdoli nililokwambia tuliache: mhadhiri aligeuza kioo cha mashine kikaelekea ukutani, akasema leo tutafanya kazi kwa masikio. Mashine ya kunyonya mate ilikuwa inanguruma. Mimi nikamshika mdoli taya, nawaelekeza vijana, natia na vichekesho. Wakaacha kucheka. Nikadhani wamevutiwa na ufundi wangu. Kisha mhadhiri akanigusa bega, akaja mbele yangu nimwone midomo. "Mwenzangu," akasema, "mgonjwa wako ameshakufa."

Nilicheka. Nikasema nilikuwa nawapima vijana. Wakaniamini, au walinionea huruma. Yeye hakuniamini. Kila siku aliniuliza kama nina la kumwambia, na kila siku nilimwambia sina. Nilikuja hapa nikiamini nitachukua cheti, nitapata alama zangu, nitarudi, na miaka michache iliyobaki nitaipitisha kwa kutazama kioo kwa bidii. Ndiyo mpango niliokuwa nao. Niliogopa kuliko ninavyoweza kuandika. Mtu wa usingizi asiye na kazi ni nani? Ni mzee anayepiga miayo.

Siku ya ile simu, nilipokuwa naisoma midomo ya fundi wa meno ili nijue kama mtoto wetu yu hai, niliona aibu kubwa kuliko ile hofu. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mhadhiri nikamwambia. Hakunigombeza. Alinipeleka kliniki ya masikio yeye mwenyewe. Wakanikalisha kwenye kibanda chenye kuta za sponji, wakanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Nikakaa na kitufe changu, nasubiri waanze. Walikuwa wameshamaliza.

Unauliza siku ile. Nadhani nilisikia. Siku ile ninaikumbuka yote, hata rangi ya soksi za daktari. Lakini siwezi kukuapia. Kusikia hakuzimiki kama taa. Kunapungua, na wewe unadhani ni watu wameanza kunong'ona.

Nimemwandikia mganga mkuu leo. Nimemwambia sitasimama tena peke yangu kwenye chumba cha upasuaji. Barua yake iko kwenye bahasha hii, ifikishe kwa mkono wako, ili nisiweze kubadili mawazo.

Namba za presha, tafadhali. Za kila siku.

Kaka yako

*

Wodini,
10 Aprili

Kaka,

Barua ya mganga mkuu nimeifikisha. Aliisoma akiwa amesimama dirishani, akaikunja, akaniuliza kama unakula.

Namba za leo asubuhi ni mia na hamsini na tano kwa mia na tano. Jana zilikuwa juu ya hapo. Mtoto anacheza.

La zaidi sina. Nikianza kuandika nitaandika mabaya, na wewe ni mkubwa wangu. Binti sijamwambia. Bado anasema hataingia bila wewe, na kila dereva anapoingia getini ananyanyua shingo.

*

Hosteli,
13 Aprili

Mdogo wangu,

Uandike hayo mabaya. Nitayasoma.

Namba zako hazinipendezi. Hawatasubiri mwezi wa tano, wala pengine wiki hii haitaisha. Nimeomba ruhusa nije, mhadhiri amekubali, lakini dereva anaondoka sasa hivi na dawa zimejaza gari, hatarudi huku hadi Alhamisi, na basi la kesho limejaa. Kama siku ikifika kabla yangu, msomee mpwa wangu maneno haya. Usimpunguzie hata moja:

"Mpwa wangu mpenzi, mjomba wako hasikii vizuri. Ningeingia na wewe ningekuwa na moyo wote na nusu ya kazi. Nimekuchagulia mwenye masikio. Huyo binti ninamwamini. Ukisema hapana kwa ajili yangu, utakuwa umeniua mimi kabla yako. Ingia. Habari za mbuzi wa babu jihadithie mwenyewe, unamjua."

Na wewe umwambie huyo binti kwamba shingo ya mpwa wangu ni fupi na wakati huu imejaa maji. Atajua maana yake. Aandae mrija mwembamba wa kupitisha hewa kooni, na awe na mtu wa kumsaidia. Mwambie ni ombi la mwenzake.

Kaka

*

Nyumbani,
16 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Wifi mzima, mimi mzima. Mpwa wako yu hai. Nimelianza hilo ili uweze kusoma mengine kwa utulivu.

Dereva alifika Jumanne mchana na barua yako wakati wanamvalisha gauni la kijani. Presha ilikuwa imeruka tena na daktari alisema hakuna kungoja. Mpwa wako alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. "Mjomba yuko njiani," anasema. "Mjomba atakuja." Nikafungua bahasha palepale nikamsomea. Nilipofika kwenye masikio akaachia chuma.

"Kwa hiyo mjomba ni kiziwi?"

"Ndiyo, mwanangu."

Akafikiri. "Lakini siku ile nilinong'ona, naye akanijibu."

"Labda alikuwa anatazama midomo yako."

"Basi alikuwa ananitazama," akasema. Akalala chali, akamwambia mkunga amsukume.

Yule binti wa usingizi nilimkimbilia mlangoni nikampa maneno yako kuhusu shingo. Aliuliza, "Amesema mrija mwembamba?" Nikasema ndiyo. Akageuka akaenda kuutafuta, akamwita na muuguzi wa pili. Walishindwa kumpa ganzi ya mgongoni, damu yake ilikuwa haigandi vizuri, ikabidi alazwe usingizi kabisa.

Nikakaa kwenye benchi. Mlango ule haufungiki vizuri, unaujua. Nikausikia mlio wako, ti, ti, ti, na kwa kuwa ulishanieleza, nikajua ninachokisikia. Kaka, ungeninyima elimu hiyo ningekushukuru, maana baada ya muda kidogo ulianza kushuka. Ngazi moja. Ngazi nyingine. Nikasimama. Nilitaka kupiga kelele kwamba unashuka, jamani, unashuka! Kabla sijafungua mdomo, sauti ya yule mnyamavu ikatoka mle ndani, kali kama ya mwalimu mkuu: "Inashuka. Acheni wote. Nipe ule mwembamba." Nikabaki na mlio tu, mzito. Sijui nilisimama muda gani. Halafu ukaanza kupanda.

Mtoto ni wa kike. Mdogo, amewekwa kwenye joto, ana ngumi zilizokunjwa kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Mama yake aliamka jioni, koo linamuuma, presha inashuka polepole. Jana amekunywa uji.

Yule binti alipotoka aliketi kando yangu, jasho limemlowesha kofia. Alisema mrija wa kawaida ulikataa kupita. Asingekuwa na ule mwingine mkononi angepoteza muda wa kuutafuta. Akauliza utarudi lini, ana mambo anataka kukuuliza. Nikamwambia hufanyi tena kazi. Akasema hakuniuliza hilo.

Mganga mkuu hajasema chochote kuhusu mshahara wala nafasi, na mimi sitakudanganya kwamba mambo yatakuwa mazuri. Wagonjwa wawili wameshaniuliza sokoni kama ni kweli. Nimewaambia ni kweli. Wifi ameanza kuzungumza nawe moyoni, nadhani, maana midomo inamcheza akiwa peke yake.

Ile barua ya mabaya niliiandika, kurasa tatu. Sitaituma. Miezi mingapi ulituacha tukutegemee kwa upasuaji wa mwanangu, nawe unajua husikii? Hilo halijaisha, kaka. Usije sasa kwa ruhusa; maliza kozi yako, chukua hicho cheti, ndipo upande basi uje. Nitakukalisha sebuleni mbele yangu, nuru ikiwa usoni mwangu uone vizuri midomo, nami nitakugombeza neno moja baada ya jingine, kwa sauti utakayoisikia.

Mdogo wako